Njiwa wa Bogna

Miaka mitatu Bogna alitengeneza milango.
Si ya kupita. Milango ya kupitwa
na mtu anayekimbia na bunduki:
mia nne na kumi na mmoja,
kila mmoja na kutu yake na bawaba zake,
na hakuna hata mmoja uliofunguka.

Mimi nilikaa dawati la pili. Mimi ni mtu wa madimbwi.
Mvua ikinyesha katika gemu yetu,
lami ya mji usiokuwepo ikang'aa,
mng'ao ule ni mkono wangu na wa wenzangu kumi na tisa.
Sioni haya kusema: ni mzuri.
Tulikuwa watu mia tisa, ghorofa sita, Warshawa,
tukila piza usiku wa manane kwa gharama ya kampuni,
na mkutanoni meneja akituonyesha
dakika ambayo mchezaji huanza kuchoka,
ili papo hapo tumwekee kitu cha kununua.

Siku moja Bogna aliuliza: tukiufungua mmoja tu?
Ndani pawe na meza, na kikombe.
Akajibiwa: nyuma ya mlango kuna chumba,
chumba kina taa, taa ina kivuli,
na kivuli kina mtu wa kulipwa.
Hesabu haikuwa na kosa.
Ijumaa ile aliondoka na mmea wake wa miiba.

Akarudi Ruda, kwa mama yake,
kwenye matofali yaliyoliwa na masizi
na fremu za madirisha zilizopakwa nyekundu.
Asubuhi alipima jibini dukani. Usiku alichora njiwa.
Baba yake, Alojzy, alishuka mgodini miaka ishirini na minane,
na kila alipopanda juu alitazama mbingu tu.
Njiwa wake walipakiwa lorini, wakaachiliwa Ujerumani,
naye akasimama uani, saa mkononi.

Gemu yenyewe ndiyo hiyo.
Unamwachilia njiwa. Unangoja.
Si kungoja kwa kuigiza: dakika arobaini, pengine saa mbili.
Ukitaka, fagia banda. Badilisha maji.
Hakuna mshale wa kukuelekeza, hakuna wa kumpiga risasi.
Moshi ni wa penseli.
Sauti ya njiwa ni mama yake,
akiguguma kwenye simu, jikoni.

Niliinunua kwa bei ya bia mbili, kwa huruma, nakiri.
Dakika ya kumi nilicheka.
Ya ishirini niliinuka kuizima.
Binti yangu Jagna, mwenye miaka sita, akasema:
subiri, bado yuko njiani.
Tukakaa. Chai ikapoa.
Doa likatokea pembeni mwa skrini,
na mtoto akapiga ukelele
ambao madimbwi yangu yote hayajautoa kwa mtu.

Yuko njiwa mmoja, shingo ya kijani. Hurushwa, harudi.
Wachezaji wamelalamika: rekebisha kasoro.
Nami nikampigia simu, fundi kwa fundi:
kuna mstari umeukosea.
Akanyamaza. Nikasikia mashine ya kukatia jibini.
"Sijaukosea," akasema.
"Huyo baba alimngoja hadi alipolazwa."

Nakala mia tatu na kumi na mbili, mwaka mzima.
Yetu iliuza hizo kabla sijamaliza kupiga mswaki.
Na mkopo wa nyumba, najua unalipwa na ipi.
Sijaacha kazi. Msinitazame hivyo.
Kesho nina dimbwi mbele ya benki,
lazima liakisi helikopta.

Ila wiki iliyopita, wenzangu wakiwa wamekwenda,
niliukuta mlango wake mmoja uchochoroni, wa bluu,
nikatandaza maji kidogo kizingitini.
Hayamo kwenye orodha ya kazi.
Na ndani yake, ukiinama sana
(nani atainama, wote wana haraka),
kuna doa linapita juu.

Sijamwambia Bogna.
Sijui kama linakuja au linakwenda.